Bia za hamira mwitu: dhana potofu kuhusu muda wa kuzihifadhi kabla hazijadorora

Wapenzi wa bia za hamira mwitu wana imani moja ambayo wamepokezana kwa muda mrefu, kwamba chupa ya bia ya namna hii ikishazibwa vizuri haina haraka, na kwamba anayeiweka gizani na kuisahau hulipwa kwa subira yake. Imani hii ina punje ya ukweli, na ndiyo maana haing'oki kirahisi. Zipo bia za hamira mwitu zinazopendeza zikiwa na umri wa miaka kumi na mitano, umri ambao bia nyingi za kawaida haziufikii zikiwa na hali nzuri. Lakini zipo pia, na hizi ndizo nyingi, ambazo zilikuwa katika ubora wao siku zilipotoka kiwandani, na kila mwezi unaopita unazipunguzia kitu. Kosa kubwa ni kuzitia zote katika kapu moja.

Kabla ya kuzigusa dhana zenyewe, ifahamike ni kiumbe gani kinachozungumziwa. Hamira inayotawala bia hizi ni Brettanomyces, iliyotambulishwa mwaka 1904 na Niels Hjelte Claussen wa maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alipokuwa akichunguza kile kilichozipa bia za Uingereza zilizokomazwa muda mrefu ladha yao ya pekee. Tofauti na Saccharomyces, ambayo ni hamira ya kawaida ya bia, Brettanomyces hufanya kazi polepole, hustahimili asidi na alkoholi, na huweza kuzivunja sukari ngumu ambazo hamira ya kawaida huziacha. Mara nyingi huambatana na bakteria wa asidi ya laktiki, hasa Pediococcus na Lactobacillus. Kwa kuwa viumbe hawa huendelea kuishi ndani ya chupa, bia haitulii. Na kwa kuwa haitulii, watu wamedhani kwamba haizeeki.

Dhana: Kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa nzuri

Dhana hii huuona ubora kuwa mstari unaopanda bila kukoma. Kinachotokea hasa ni kwamba ndani ya chupa kuna mabadiliko ya namna tatu yanayokwenda kwa pamoja, kila moja kwa mwendo wake. Kwanza, hamira humalizia mabaki ya sukari na kugeuza baadhi ya vijenzi vya harufu kuwa vingine. Pili, asidi na alkoholi huungana taratibu na kuzaa esta, ambazo hulainisha makali na kuongeza harufu za matunda. Tatu, oksijeni inayopenya kidogo kidogo huanza kubomoa kilichojengwa. Mabadiliko mawili ya kwanza hupungua kasi kadiri malighafi yake inavyokwisha. La tatu halina mwisho, kwa sababu hakuna kizibo kinachozuia hewa kabisa. Umri mzuri wa bia ni ule ambao faida ya mawili ya kwanza bado inazidi hasara ya la tatu, nao hutofautiana sana kati ya bia na bia.

Gueuze ndiyo bia inayosifiwa kuliko zote kwa kudumu, na mfano wake unafaa kutazamwa kwa karibu. Hutengenezwa katika bonde la mto Zenne na eneo la Pajottenland, kando ya Brussels nchini Ubelgiji, kwa kutumia lambic, bia ya shayiri na ngano ambayo mpikaji wake haitii hamira yoyote, bali huiacha ipoe usiku kucha katika beseni pana, ipokee vijidudu vilivyomo hewani na baadaye vile vilivyomo ndani ya mapipa ya mbao. Anayeandaa gueuze huchanganya lambic za umri wa mwaka mmoja, miwili na mitatu. Kwa bia inayoitwa Oude Geuze, kanuni inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya inataka sehemu kongwe kabisa iwe na umri wa angalau miaka 3, na wastani wa umri wa mchanganyiko wote usipungue mwaka 1. Lambic changa huleta sukari itakayozaa gesi. Kongwe huleta kina cha ladha. Baada ya hapo chupa hulazwa kwa miezi kadhaa kabla ya kuuzwa.

Kwa hiyo kazi ya kukomaza ilishafanyika, tena na mtu aliyekuwa na mapipa mengi ya kuonja na kuchagua. Mnunuzi anayeipeleka chupa stoo kwa miaka mitano hamalizii kazi iliyoachwa nusu. Anaifanyia bia jambo jingine kabisa. Jambo hilo linaweza kupendeza. Kati ya mwaka wa 2 na wa 5 tangu bia itiwe chupani, gueuze nzuri kwa kawaida hutulia: uchachu wake hauchomi tena, na harufu za limau na tufaha bichi huanza kuzipisha zile za asali, nyasi kavu na ngozi. Kuanzia miaka 5 hadi 10, chupa iliyotunzwa vizuri huwa imara, ingawa imepungukiwa na uchangamfu. Baada ya miaka 10 mambo huwa ya kubahatisha, na zinazofika miaka 20 zikiwa bado zinavutia huwa ni zile zilizokuwa nzuri mno tangu mwanzo na zilizowekwa kwenye ubaridi bila kusumbuliwa. Bia iliyokuwa hafifu ikiwa changa huwa hafifu na kongwe. Hakuna muda uliowahi kuifundisha bia adabu.

Dhana: Hamira hai huila oksijeni yote, kwa hiyo bia hailiwi na hewa

Hii ndiyo dhana yenye madhara zaidi, kwa kuwa imejengwa juu ya jambo la kweli. Hamira hai ndani ya chupa hufyonza oksijeni, na ndiyo sababu bia iliyochachuka upya chupani hukawia kupata ile ladha ya boksi lililolowa ambayo bia iliyochujwa huipata upesi. Hamira ikiwa changamfu, wiki za mwanzo baada ya kuziba huwa salama kiasi.

Tatizo ni kile ambacho Brettanomyces huifanyia oksijeni hiyo. Ikipata hewa ya kutosha, hamira hii hugeuza sukari na alkoholi kuwa asidi ya asetiki, ambayo ndiyo asidi ya siki. Asidi ya asetiki ikikutana na alkoholi huzaliwa ethili asetati, yenye harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Bakteria wa jamii ya Acetobacter, ambao hawawezi kufanya kazi bila hewa, hufuata njia hiyo hiyo kwa kasi kubwa zaidi pale kizibo kinapolegea. Kwa hiyo mlinzi anayetegemewa kuizuia oksijeni ndiye huyo huyo anayeweza kuigeuza kuwa siki. Kiasi kidogo cha ukali huo huipa bia nyekundu ya Flanders tabia yake. Kikizidi, hakuna cha kukiondoa, kwa kuwa asidi ya asetiki haipungui kwa kuisubiri.

Isitoshe, hamira zenyewe hufa. Saccharomyces hutangulia, kwa kuwa mazingira yenye asidi kali, alkoholi na uhaba wa sukari hayaifai. Seli zilizokufa hupasuka na kumwaga yaliyomo, na katika bia za kawaida hapo ndipo huanza kusikika ladha ya supu au mchuzi wa soya. Brettanomyces huweza kujilisha kwa mabaki hayo kwa muda, jambo linaloisaidia bia kuvuka kipindi ambacho bia nyingine zingeharibika, lakini nayo hupungua mwaka hadi mwaka. Chupa ya miaka kumi na mitano haina tena jeshi la kuilinda. Kinacholinda hapo ni asidi iliyomo, ubaridi wa chumba na ubora wa kizibo.

Dhana: Bia huzidi kuwa chachu kila mwaka

Wengi huogopa kuhifadhi bia hizi wakidhani kwamba uchachu utapanda hadi usinyweke, na wengine huzihifadhi kwa matumaini hayo hayo. Pande zote mbili zimekosea. Asidi ya laktiki hutengenezwa na bakteria kutokana na sukari, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika ndani ya pipa, kabla bia haijatiwa chupani. Gueuze huwa tayari na pH ya chini (kipimo ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi), kwa kawaida kati ya 3.2 na 3.6, na sukari iliyobaki baada ya kuchachuka upya chupani ni kidogo mno kuweza kuibadilisha hali hiyo kwa kiasi cha kutisha. Tena sehemu ya asidi ya laktiki huungana na alkoholi na kuwa ethili laktati, yenye ladha laini, ndiyo maana gueuze ya miaka minane mara nyingi huonekana pole kuliko ya mwaka mmoja ingawa kipimo cha pH kinakaribiana. Uchachu unaopanda waziwazi chupani, hasa ule unaochoma koo na kunusika kabla ya kuonjwa, si wa laktiki. Ni siki, na siki ni dalili ya hewa.

Dhana: Bia za matunda huhifadhiwa muda sawa na nyingine

Mtu anayeiweka kriek yake, yaani lambic iliyotiwa cheri, kando ya gueuze kwa miaka minane, akitarajia zikomae pamoja, anafanya mzaha na fedha yake. Matunda huletea bia sukari ambayo yote huliwa, rangi ambayo huchujuka, na harufu ambazo ni dhaifu kuliko kitu kingine chochote kilichomo chupani. Rangi nyekundu ya matunda, inayotokana na antosianini, hung'aa vizuri kwenye asidi, lakini kadiri muda unavyokwenda vijenzi vyake huungana na vingine, na bia hugeuka kutoka wekundu wa damu kuwa rangi ya tofali. Mabadiliko hayo ya rangi ni kipimo kizuri kwa macho: bia ya rasiberi iliyokuwa ya waridi na sasa ina rangi ya chai iliyopoa imeshapoteza harufu ya tunda.

Matunda nayo hayalingani. Rasiberi ndiyo hufifia mapema, na aprikoti na pichi huifuata kwa karibu. Bia za matunda hayo zinafaa kunywewa ndani ya mwaka 1, au miezi kumi na minane kwa mwenye stoo nzuri. Cheri chachu hudumu zaidi, kwa sababu kokwa zake huiachia bia benzaldehidi, yenye harufu ya lozi, ambayo hubaki imara wakati nyama ya tunda imeshapotea. Kriek nzuri hupendeza hadi miaka 3, na baada ya hapo huwa gueuze nyekundu yenye kumbukumbu ya lozi. Zabibu huongeza tanini, kijenzi kinachokausha ulimi, na tanini huipa bia uti wa mgongo, kwa hiyo nazo huvumilia. Anayetaka kuonja tunda anywe mapema. Anayetaka kuonja lambic iliyowahi kukutana na tunda anaweza kusubiri, lakini ajue ndicho anachosubiri.

Dhana: Hopi ni kihifadhi, kwa hiyo bia yenye hopi nyingi hukaa zaidi

Hopi, maua ya mmea yanayoipa bia uchungu na harufu, huzuia bakteria, ndiyo, na wapika lambic huzitumia zikiwa zimekaa miaka kadhaa ili zizuie bila kutia uchungu wala harufu kali. Lakini harufu ya hopi mbichi zilizolowekwa ndani ya bia iliyokwisha kuchachuka ni kitu kingine, na huanza kufifia ndani ya miezi michache bila kujali ni hamira ipi iliyomo. Bia ya hamira mwitu iliyotiwa hopi za namna hii kwa ajili ya harufu haina sababu ya kuvuka miezi sita.

Mfano unaoonyesha pande zote mbili ni Orval, bia ya abasia ya Watrapisti iliyoko kusini mwa Ubelgiji, yenye alkoholi ya asilimia 6.2. Hulowekwa hopi, kisha hutiwa Brettanomyces inapoingia chupani. Ikiwa na umri wa miezi miwili huwa ni bia ya hopi, chungu na yenye harufu ya maua. Ikifika miezi sita hadi kumi na miwili, hopi hurudi nyuma na harufu ya zizi la farasi, inayoletwa na Brettanomyces, hujitokeza. Ikipita miaka miwili huwa kavu kabisa, yenye gesi nyingi na harufu ya ngozi iliyotawala. Lebo yake hubeba tarehe ya kutiwa chupani na tarehe ya mwisho iliyo miaka 5 mbele. Kuuliza ni umri gani ulio sahihi wa Orval ni kuuliza ni bia ipi kati ya hizo tatu unayoipenda. Kwa maoni yangu, kati ya mwezi wa nane na mwaka na nusu ndipo hopi na hamira hujibizana vizuri zaidi, na baada ya mwaka wa tatu majibizano huwa ya upande mmoja.

Dhana: Kila bia chachu ina hamira mwitu ndani yake

Bia nyingi chachu zilizopo sokoni hazina kiumbe hai cha kuzibadilisha. Zipo zinazotengenezwa kwa kutia bakteria wa laktiki kwenye maji matamu ya kimea kwa siku moja au mbili, kisha kila kitu huchemshwa, bakteria hufa, na hamira ya kawaida huchukua nafasi. Bia hizo huwa safi na za kuburudisha, nazo huzeeka kama bia nyingine nyepesi: ndani ya miezi michache huwa zimedoda. Zipo pia bia tamu za matunda zinazotokana na lambic halisi, lakini zimechujwa, zikaongezwa sukari au juisi, zikapashwa moto wa kuua vijidudu ili sukari hiyo isichachuke. Jina la lambic kwenye lebo haliwezi kuzirudishia uhai. Kuzihifadhi ni kuzingoja zipoteze tunda bila kupata kitu badala yake.

Upande wa pili wako wanaodhani kwamba bia yoyote iliyochachushwa kwa Brettanomyces pekee lazima iwe chachu na idumu miaka. Hamira hii ikipewa kazi ya mwanzo, bila bakteria na bila hewa nyingi, mara nyingi hutoa bia isiyo na uchachu wowote wa maana, yenye harufu za nanasi na embe, ambayo haipati faida kubwa baada ya mwaka. Hata majina ya hamira zenyewe yamewahi kupotosha: ile iliyouzwa na White Labs, kampuni ya kuuza hamira, kwa jina la Brettanomyces bruxellensis Trois ilikuja kuonekana, kwa uchunguzi wa vinasaba, kuwa ni Saccharomyces. Kuna waliohifadhi chupa za bia hiyo wakingoja harufu ya zizi ambayo isingekuja kamwe.

Dhana: Alkoholi nyingi ndiyo hudumisha

Alkoholi husaidia, lakini kwa bia hizi si hoja kuu. Gueuze yenye asilimia 6 huishinda kwa umri bia nyeusi kali ya asilimia 11 iliyozibwa ovyo. Asidi, ukavu na kizibo ni vitu vya kutazamwa kwanza.

Dhana: Ikitoa harufu mbaya imekwisha, imwagwe

Hapa hupotea bia nyingi ambazo zilihitaji subira tu. Bia ya hamira mwitu iliyotiwa chupani karibuni huweza kuugua kwa namna mbili zinazotisha, na zote mbili mara nyingi hupona zenyewe.

Ugonjwa wa kwanza ni mlenda. Pediococcus huzalisha nyuzi za sukari zinazoifanya bia imiminike kama mafuta ya kupikia, bila sauti, huku ikivutika kwenye ukingo wa glasi. Na pengine huambatana na ladha ya siagi, inayotokana na diasetili. Mnywaji asiyejua huamini kwamba bia imeoza. Brettanomyces huzivunja nyuzi hizo na kuimeza diasetili, na baada ya miezi kadhaa bia hurudi kuwa nyepesi na kavu. Bia isiyo na Brettanomyces haina njia hiyo ya kupona, na ndiyo sababu wapika bia wa kawaida humwogopa bakteria huyu kama tauni.

Wa pili ni ule unaoitwa ladha ya panya, unaosababishwa na vijenzi vya jamii ya tetrahidropiridini, ambavyo Brettanomyces na baadhi ya bakteria wa laktiki huvitengeneza, hasa bia inapokuwa imepigwa na hewa wakati wa kutiwa chupani. Tabia yake ni ya kijanja. Ukiinusa bia hiyo hutaona kasoro, kwa kuwa asidi huvizuia vijenzi hivyo visiruke hewani. Unapiga funda, unameza, bado hakuna kitu. Kisha, mate yanapoipunguza asidi mdomoni, sekunde chache baadaye nyuma ya ulimi huibuka ladha ya bisi zilizochacha, ya mkate wa zamani, na kwa wengine ya kizimba cha panya hasa. Wapo ambao hawaisikii kabisa, jambo linalozua mabishano mezani. Kwa kawaida ladha hii hupungua kadiri miezi inavyopita, vijenzi hivyo vinapogeuka kuwa vya namna isiyosikika kirahisi. Kwa hiyo chupa changa yenye ladha ya panya irudishwe gizani kwa miezi sita au mwaka kabla ya kuhukumiwa.

Hukumu hiyo haizihusu kasoro nyingine. Siki kali, harufu ya dawa ya kucha, boksi lililolowa, na ile harufu ya kitambaa chenye ukungu inayoletwa na kizibo cha gome la mti kilichoambukizwa, hizo hazisubiriwi. Muda huzizidisha au huziacha zilivyo. Kwa upande wa afya, asidi na alkoholi ya bia hizi haviwapi nafasi vijidudu vya kuambukiza magonjwa, kwa hiyo chupa iliyozeeka vibaya huudhi ulimi tu.

Dhana: Mahali popote penye giza panatosha

Giza ni la lazima, kwa sababu mwanga huvunja vijenzi vya uchungu wa hopi na kuzaa harufu ya kicheche, na chupa za kijani huzuia mwanga huo kidogo sana zikilinganishwa na za kahawia. Lakini joto ndilo huamua miaka. Kwa makadirio ya jumla, kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka huharakisha kuchakaa mara mbili hadi tatu. Miaka yote iliyotajwa hapo juu ni ya chumba chenye nyuzi 10 hadi 14 za Selsiasi; chupa hiyo hiyo ikiwekwa kwenye nyuzi 26 inaweza kumaliza safari ya miaka minane ndani ya mitatu, tena bila kupitia uzuri wa katikati, kwa kuwa joto huchochea kuharibika kuliko linavyochochea kukomaa. Asiye na mahali pa ubaridi wa kudumu atumie friji kwa chupa anazozithamini. Friji hupunguza mwendo wa kila kitu, kizuri na kibaya, na hilo ni afadhali.

Kiasi gani joto linaweza kuharibu kilionekana mwezi Mei 2009 katika nyumba ya 3 Fonteinen, watengenezaji wa gueuze huko Beersel, ambako kidhibiti joto cha chumba cha kuhifadhia kiliharibika na chumba kikapikika. Chupa nyingi zilipasuka, na maelfu zilizobaki nzima hazikufaa tena kuuzwa kama gueuze. Armand Debelder, mwenye nyumba hiyo wakati huo, aliamua bia hiyo ikenekwe iwe pombe kali.

Kuhusu kulaza au kusimamisha chupa, ubishi ni mkubwa kuliko tofauti yenyewe. Kwa desturi gueuze hulazwa ili kizibo kisikauke, na chupa hutiwa alama ya chokaa au rangi upande wa juu ili mashapo yabaki upande mmoja. Chupa iliyosimama nayo huwa na unyevu wa kutosha chini ya kizibo. Chupa zenye kizibo cha bati pekee zisimamishwe. Kwa anayejitengenezea bia nyumbani lipo la kuogopa zaidi ya mkao wa chupa: Brettanomyces huendelea kula baada ya wengine kushiba. Bia iliyozibwa ikiwa na uzito mahususi (kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki) wa 1.008, kisha ikashuka hadi 1.002 ndani ya mwaka, huongeza takribani ujazo 3 wa gesi, yaani lita 3 kwa kila lita ya bia, juu ya uliokuwamo, na chupa nyepesi ya kawaida haikuundwa kwa mzigo huo. Hupasuka, na vipande vyake huruka.

Dhana: Tarehe ya lebo ndiyo mwisho wa bia

Kwa bia hizi tarehe hiyo husema machache. Katika Umoja wa Ulaya vinywaji vyenye alkoholi ya asilimia 10 au zaidi havilazimiki kubeba tarehe ya mwisho, lakini gueuze, iliyo chini ya hapo, hulazimika. Basi baadhi ya watengenezaji, Boon ya Lembeek ikiwamo, huandika tarehe iliyo miaka 20 mbele. Hiyo ni kauli ya kwamba bia itakuwa bado inanyweka, wala si ushauri wa kuingoja. Tarehe yenye manufaa ni ile ya kutiwa chupani. Isipokuwapo, mnunuzi aiandike tarehe aliyoinunua.

Dhana: Chupa moja ikionjwa, nyingine zote zimejulikana

Kwa miaka mitatu ya mwanzo dhana hii inakaribia kuwa kweli. Baadaye kila chupa hushika njia yake. Ifungue gueuze ya miaka kumi na miwili na uikague kwa utaratibu: kizibo kitoke kikiwa na unyevu upande wa ndani na kikavu upande wa nje, kitoe mlio hata kama ni hafifu, bia iwe ya dhahabu iliyokolea bila kuelekea hudhurungi, na povu lionekane hata kama halikai. Kizibo kilicholowa hadi juu ni njia ya hewa. Bia isiyo na mlio wala povu imepoteza gesi, na palipotoka gesi oksijeni ilipata pa kuingilia. Rangi ya hudhurungi yenye harufu ya njugu na zabibu kavu inaweza kuwa tamu kwa glasi moja, lakini ndiyo dalili kwamba bia imeshavuka kilele.

Kisha fungua nyingine kutoka sanduku hilo hilo, na huenda ukaikuta changamfu kana kwamba ni ya mwaka wa nne. Vizibo vya gome havilingani katika kupitisha hewa, na tofauti isiyoonekana siku ya kuziba huwa kubwa baada ya muongo mmoja. Kwa sababu hiyo anayetaka kujua mwisho wa bia fulani anahitaji chupa kadhaa za toleo moja, afungue moja ikiwa changa ili apate cha kulinganishia, kisha moja kila mwaka au kila baada ya miaka miwili. Mbili mfululizo zikionyesha dalili za kudorora, zilizobaki zinywewe mwaka huo huo, hata kama mojawapo huenda ingeweza kuvumilia zaidi.